Ziwa Singidani, Mafuta Juu ya Karatasi

Dodoma, Jumapili jioni

Nikimwambia mtu nimetoka kuchora ziwa, kinachomjia kichwani ni bluu. Kwenye karatasi nilizorudi nazo kutoka Singida bluu ni kidogo mno. Tyubu iliyokwisha ni ya nyeupe, na inayoifuata ni ile ya udongo wa manjano. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, Singidani linakuwa limerudi ndani, na pale maji yalipokuwa panabaki uwanda wa chumvi iliyokauka, unaomeremeta hadi macho yanauma. Jambo hili limekaa kichwani mwangu njia nzima, Manyoni, Bahi, mpaka nashuka kwenye basi hapa Dodoma, na nataka niliandike kabla halijachuja: ziwa la nchi kavu huchorwa kuanzia ukingoni. Maji yanakuja baadaye.

Sababu iko wazi kwa anayelifahamu eneo lile. Singidani, sawa na Kindai lililo upande wa kusini wa mji, halina mto unaotoka. Maji ya mvua yanateremka kutoka kwenye miinuko na majabali ya graniti, yanabeba madini kidogo kidogo, yanatulia bondeni, kisha jua na upepo vinayamaliza. Chumvi haina pa kwenda. Ndiyo maana ukingo wa ziwa hausimami mahali pamoja. Masika unasogea huku, kiangazi unasogea kule, na kila unapohama unaacha mstari wake. Ukikaa chini ukatazama bila haraka unaiona mistari hiyo ilivyopangana: mweupe wa unga, wa kijivu, wa kahawia uliopasukapasuka, halafu utepe mwembamba wa matope meusi yenye unyevu, ndipo maji. Mchoraji anayeiruka mistari hiyo na kukimbilia maji atapata picha ya ziwa lolote lile duniani.

Nilibeba rangi za mafuta na karatasi, na wengi walishangaa. Huku kwetu mafuta tumezoea kuyaona kwenye turubai, au kwenye hadubodi, kama alivyofanya Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na rangi zake za kung'aa za dukani. Lakini karatasi nayo ina historia ndefu. Wachoraji wa Ulaya waliotoka nje kuchora mandhari waliibana kwa pini ndani ya kifuniko cha sanduku la rangi. Mfaransa Pierre-Henri de Valenciennes aliandika mwaka 1800 kwamba mchoro wa nje usizidi muda wa saa mbili, na ule wa macheo au machweo usizidi nusu saa, maana mwanga unakuwa umeshabadilika. Mwingereza John Constable, mwaka 1821 na 1822, alichora mawingu ya Hampstead kwa mafuta juu ya karatasi, na nyuma yake akaandika tarehe, saa na hali ya upepo. Tabia hiyo nimeichukua. Nyuma ya kila karatasi yangu kuna maneno ya penseli: "Singidani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo bado." Maneno hayo yananisaidia kuliko picha ya simu, kwa sababu simu inachukua weupe wote wa chumvi na kuufanya kitu kimoja.

Karatasi tupu haiwezi kupokea mafuta. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani ya rangi, yanayokamuliwa kwenye mbegu za mmea wa kitani, hayakauki kama maji. Yanavuta hewa, yanageuka taratibu kuwa utando mgumu, na katika kugeuka huko yanazaa asidi. Asidi ikiingia kwenye nyuzi za karatasi, karatasi inakuwa ya kahawia na siku moja inavunjika ukiikunja. Hata kabla ya hapo utaona doa la mafuta limeenea kuzunguka kila mguso wa brashi, na rangi yenyewe imepauka kwa sababu mafuta yake yamenyonywa. Kwa hiyo inavalishwa kwanza. Natumia karatasi nene ya rangi za maji, ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Naipaka rangi ya msingi ya akriliki mara mbili, mara ya kwanza ulalo, mara ya pili wima, inakauka kabisa, kisha naipitishia msasa laini. Asiye na akriliki anaweza kuyeyusha gelatini ya jikoni kwenye maji ya moto na kuipaka. Manila siishauri. Ni nafuu na ipo kila duka la vifaa vya shule, ila inageuka njano yenyewe hata bila mafuta.

Nilifikia kwa shangazi, anayeuza mafuta ya alizeti. Aliponiona natoa kichupa cha kitani kwenye mkoba alisimamisha kazi yake.

"Mwanangu, mafuta yote haya ndani ya nyumba, wewe umebeba ya nini kutoka Dodoma?"

"Haya yako hayakauki upesi, shangazi. Picha ingenata hadi mwakani."

Hakusema kitu, akaenda nyuma akarudi na ndoo ya zamani ya kupimia. Ukingoni, mahali mafuta yalipokuwa yakichuruzika miezi na miezi, palikuwa na utando wa njano, mzito, unaong'ang'ania kidole lakini haudondoki. "Kama hivi?" Ndivyo hasa. Kile ambacho alizeti inakisuasua muda wote huo na isikimalize, kitani hukitimiza kwa siku chache. Nilifurahi sana kwamba alikuwa ameshakiona kwa macho yake, kwenye chombo anachokishika kila siku.

Asubuhi, kabla jua halijachomoza, ziwa linatulia tuli. Majabali yanaonekana ndani ya maji kichwa chini, na hapo pana kanuni moja: kitu cha giza kikiwa ndani ya maji hupungua giza, na kitu cheupe hupungua weupe. Jabali lenyewe nililitia kahawia iliyochanganywa na bluu, na taswira yake majini nikaiongezea kijivu cha anga. Nilivuta brashi kutoka juu kwenda chini, rangi ikiwa mbichi, halafu kwa brashi pana isiyo na rangi nikapitisha ulalo mara moja. Ukirudia, maji yanakuwa tope.

Lakini ni ile chumvi iliyonishika. Nyeupe ya kwenye tyubu ukiipaka ilivyo inaonekana kama mahali ulipopasahau. Nikapiga magoti nikatazama kwa karibu. Gamba lile limegawanyika vipande vidogo, kila kimoja kimejikunja kingo, na chini ya kila ukingo kuna kivuli chembamba cha zambarau. Panapopigwa na jua panaelekea manjano. Mbali, karibu na maji, panaelekea waridi, kwa sababu ya vumbi la kiangazi lililojaa hewani. Basi nikachanganya nyeupe za kila aina kwenye ubao wa rangi, yenye udongo wa manjano, yenye chembe ya zambarau, yenye wekundu hafifu, na ile safi nikaiweka mwisho kabisa, kwenye kingo chache zinazoelekea jua. Sehemu ile ya karatasi, upana wa kiganja, ilichukua muda kuliko ziwa zima na anga lake, na ningeweza kuendelea nayo tu.

Heroe walikuwepo mbali, mstari wa waridi majini. Picha za ziwa zinazouzwa huanza na heroe, wakubwa, shingo zimepinda. Mimi niliwapa ukubwa walioonekana nao: miguso michache ya ncha ya brashi, basi.

Saa nne upepo ukaingia. Upepo wa Singida hausubiri mtu, na karatasi lazima iwe imebanwa kwa tepu pande zote nne juu ya ubao wa plaiwudi. Maji yaligeuka kijani cha kijivu, povu likasukumwa kuelekea magharibi. Tapentaini, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, huruka haraka kwenye upepo ule, tabaka la kwanza la rangi nyepesi linashika upesi, na unaweza kuweka la pili lenye mafuta zaidi bila kusubiri kutwa. Mchanga ulionasa kwenye rangi nimeuacha humo humo.

Kuna tyubu moja ninayoifungua kwa heshima, ile ya udongo mwekundu. Wekundu wake unatokana na chuma kilichomo ardhini, na ni wa ukoo mmoja na ule wa michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu walichora wanyama na watu kwenye mwamba, mkoa huu huu wa Dodoma, na bado wanaonekana. Halafu nawaambia wanafunzi wangu wachore mandhari, nao wananichorea mlima wenye theluji na minazi miwili. Wamezaliwa Bahi na Chamwino! Wamekua na mibuyu, vumbi la saa kumi, mito ya mchanga inayopata maji usiku mmoja. Inaniuma kweli, kwa sababu wana macho makali, na hakuna aliyewaambia kwamba haya wanayoyaona yanastahili karatasi.

Sasa picha zimeegemea ukuta wa sebule, dirisha wazi. Mafuta ya kitani yakikaukia gizani hugeuka njano, na njano itaula ule weupe wote. Kwenye mwanga hutulia. Matambara nimeyatandaza kwenye kamba, moja moja, kwa kuwa tambara lenye mafuta ya kitani likirundikwa na mengine hupata joto lenyewe na kuwaka moto. Anayeanza alijue hilo kabla ya kujua jina la rangi yoyote.

Muhula ujao nataka kuwapeleka watoto Bwawa la Hombolo, maana ni karibu na nauli yake inabebeka. Tutaanzia ukingoni. Rangi za mafuta ni ghali kwa darasa zima, kwa hiyo wataanza na udongo wenyewe: mwekundu tutauchimba nyuma ya madarasa, mweupe na wa kijivu wataleta kutoka kwao, tuuponde, tuuchekeche kwa kitambaa, tuuchanganye na gundi ya mbao iliyopunguzwa na maji. Kesho namuomba mwalimu mkuu ndoo na chekeche.