Deni la kodi la kazi mbili Kanada, nilivyolimaliza

Wazee wa shifti mbili huku Kanada hii inawahusu. Mwaka 2024 kila mwajiri alikuwa ananikata kodi kana kwamba kwake ndo kazi yangu pekee, yaani zile dola 15,705 za kwanza ambazo serikali kuu haitozi kodi zikawa zinahesabiwa kote kote, kumbe mtu unazipata mara moja tu, sasa T4 zote (karatasi za kila mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi aliyokata) zikijumlishwa deni linatokea na wakati kila mshahara umekatwa. Na sio hela ya mboga.

Dawa yake ni fomu TD1, ile unayompa mwajiri ajue akukate kodi kiasi gani. Niliijaza upya kazi ya pili, kuna kiboksi cha wenye mwajiri zaidi ya mmoja, unatiki unaandika sifuri basi. Mshahara wa pale ukashuka kidogo, inauma, ila bora hivyo kuliko kudaiwa kwa mkupuo.

La 2024 lenyewe nililipunguza kwa RRSP (akaunti ya akiba ya uzeeni), maana ukiweka hela humo ndani ya siku 60 za kwanza za mwaka mpya unaruhusiwa kuipunguzia kodi ya mwaka uliopita, kiwango chako kipo kwenye barua ya CRA (mamlaka ya kodi ya Kanada) ya mwaka wa nyuma, usizidishe. Lililobaki nikalipa kabla ya 30 Aprili, riba isianze kutembea.