Miunganisho 20 na msimu mmoja wa mahindi

Kwa wiki tatu za msimu wa mavuno, kila siku yenye mizigo mingi, simu yangu iliita saa nane au saa tisa alasiri nikiwa hapa Dodoma mjini, na aliyenipigia alikuwa karani wa ghala moja la mahindi wilayani Kongwa, akisema maneno yale yale: "Kaka, mashine imeganda tena, na foleni ya magari imeshafika barabarani." Nilimjibu kila mara kwamba aizime programu kisha aiwashe upya. Alifanya hivyo, kazi ikaendelea, tukashukuriana. Ninaandika haya kwa sababu jibu langu hilo ndilo lililotuchelewesha kuujua ugonjwa.

Programu yenyewe ni ndogo. Mkulima analeta magunia, yanapimwa, karani anaingiza uzito, programu inaongeza kiasi hicho katika akaunti ya mkulima kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, kisha inaandaa ujumbe wa simu wa kumthibitishia. Kufungua muunganisho mpya na hifadhidata kwa kila mzigo hula muda, kwa hiyo niliweka akiba ya miunganisho 20, ambapo kila kazi inachukua mmoja, inautumia na kuurudisha. Katika msimbo wangu, ulioandikwa kwa lugha ya Python, mstari wa kuchukua ulikuwa juu kabisa ya fanksheni, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi hiyo moja, mstari wa kurudisha ulikuwa chini kabisa, na katikati palikuwa na mistari ipatayo 40 ya kazi nyingine.

Mstari wa chini haukufikiwa kila mara. Mkulima asiye na namba ya simu katika orodha alisababisha hitilafu wakati wa kuandaa ujumbe, na hitilafu ikitokea, utekelezaji hauendi tena kwenye mstari unaofuata, bali unatoka nje ya fanksheni na kupanda juu hadi ipatikane sehemu iliyo tayari kuipokea. Kwangu sehemu hiyo ilikuwa mwanzoni kabisa mwa programu, nayo ilimwonyesha karani kwamba kuna kosa, kisha ikangoja mzigo mwingine. Muunganisho ukabaki umeshikwa. Ulibaki pia katikati ya muamala, yaani fungu la mabadiliko ya hifadhidata, ambao haukukamilishwa wala kufutwa, hivyo PostgreSQL iliendelea kuishikilia akaunti ya mkulima yule kwa kufuli linalozuia kazi nyingine kuibadilisha, na aliporudi na gari la pili, programu ilikaa kusubiri kufuli la kazi iliyokwisha kufa zamani. Siku ya mizigo michache ilipotea miunganisho mitatu au minne na hakuna aliyetambua. Siku ya mizigo mingi yote 20 iliisha kabla ya jioni.

Kuzima na kuwasha kuliponya kwa sababu programu inapokufa, mfumo endeshi wa kompyuta unafunga soketi (njia zake za mawasiliano) na faili zake zote, na PostgreSQL ikitambua kwamba muunganisho umekatika inaufuta muamala na kuyaachia makufuli yake. Ni huduma njema, lakini kwa programu inayopaswa kukesha kwa miezi inaficha uvujaji huu wa miunganisho mpaka siku ya kazi nyingi, yaani siku ile ile ambayo watu wamesimama juani na magunia yao. Hilo linaniuma hadi leo, maana mkulima aliyetoka kijijini alfajiri hakupaswa kulala Kibaigwa kwa ajili ya mstari mmoja usiofikiwa.

Nyumbani kwetu, wilayani Chamwino, mtoto aliyetoa fito za mlango wa zizi hakuruhusiwa kuzitupa na kufuata kundi. Alisimama palepale mpaka mnyama wa mwisho apite, akazirudisha, ndipo akaondoka. Katika programu nilifanya kinyume, kwa kuuweka wajibu wa kufunga mbali na tendo la kufungua na kuruhusu mambo 40 yapite katikati.

Dawa ya kwanza ambayo wengi tunafundishwa ni neno "finally", ambalo huendesha mistari yake iwe kazi imefaulu au imeshindwa. Linafanya kazi, ila linamtaka mwandishi alikumbuke kila mahali, na kukumbuka ndiko kulikoshindikana tangu mwanzo. Ndiyo maana ninaipenda zaidi njia ya kuuambatanisha usafi, yaani kuachia kilichoshikwa, na kitu chenyewe. Bjarne Stroustrup aliiweka katika lugha yake ya C++ tangu miaka ya 1980, pale ambapo kitu kinapofikia mwisho wa eneo lake, kiharibifu chake, yaani msimbo wake wa kumalizia, kinaitwa chenyewe na kuachia kilichoshikwa. Python ilipata neno "with", linaloendesha usafi wa kitu mara kazi iliyo ndani yake inapoisha, katika toleo la 2.5 mwaka 2006, lugha ya Java ikafuata na njia yake katika toleo la 7 mwaka 2011, na lugha ya Go ina "defer", ambayo inakuruhusu kuandika kufunga mara tu baada ya kufungua. Anayetumia "defer" ndani ya kitanzi, yaani msimbo unaorudiwa, awe mwangalifu, kwa kuwa kufunga huko kunangoja fanksheni nzima iishe. Akifungua faili 5,000 katika kitanzi kimoja atagonga kikomo cha mfumo, ambacho katika mifumo mingi ya Linux ni faili 1,024 kwa programu moja kabla hakijaongezwa.

Nilipougundua uvujaji, nilibadilisha msimbo siku hiyo hiyo: nikauchukua muunganisho kutoka kwenye akiba, nikauweka ndani ya "with", nikaufuta mstari wa kurudisha kwa kuwa niliamini hauhitajiki tena. Kesho yake programu iligoma kabla ya saa nne asubuhi. Maktaba ya psycopg2, inayoiunganisha Python na PostgreSQL, niliyoitumia ina tabia ambayo imeandikwa wazi katika maelezo yake nami sikuisoma: muunganisho wake ukiwekwa ndani ya "with", kinachomalizwa mwishoni ni muamala tu, unaothibitishwa kazi ikifaulu na kufutwa ikishindwa. Muunganisho haufungwi, wala haurudishwi kwenye akiba. Maktaba ya sqlite3, ya hifadhidata ndogo ya SQLite, inayokuja na Python yenyewe ina tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo nilikuwa nimeyaponya makufuli na kuuzidisha uvujaji, kwa sababu sasa hata mzigo uliofaulu ulipoteza muunganisho, na mzigo wa 21 haukupata chochote.

Suluhisho lilikuwa kuandika kipande changu kidogo chenye hatua ya kuingia, inayochukua muunganisho, na hatua ya kutoka, inayofuta muamala ambao haukuthibitishwa kisha kuurudisha muunganisho. Mistari saba. Tangu hapo hakuna mahali pengine katika programu panaporuhusiwa kuigusa akiba moja kwa moja.

Jambo linalosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni maandalizi yanayovunjika katikati. Tuseme kazi inahitaji faili ya muda, kisha muunganisho, kisha mawasiliano na mzani, na mzani ukakataa kujibu. Viwili vya kwanza vimeshashikwa, cha tatu hakipo, na msimbo wa usafi ulioandikwa kwa kudhani kwamba vyote vitatu vipo utaanguka wenyewe. Kila kimoja kinapaswa kuandikishiwa usafi wake mara tu kinapopatikana, na usafi ufanyike kwa kurudi nyuma, cha mwisho kuchukuliwa kikiwa cha kwanza kuachiwa. Hata katika majaribio ya programu mtego huu upo: katika unittest, zana ya majaribio ya Python, hatua ya maandalizi "setUp" ikishindwa, hatua ya usafi "tearDown" haiitwi kabisa, ilhali kazi za usafi zilizokwisha kuandikishwa kwa "addCleanup" zinaitwa.

Umeme ukikatika ghafla, au mtu akiiua programu kwa SIGKILL, ishara ya kuua papo hapo, hakuna "finally" wala "with" itakayoendeshwa. Kwa hiyo inapowezekana ninachagua vitu ambavyo mfumo endeshi utavirudisha wenyewe. Kwa mfano, kufuli la "flock", ambalo mfumo endeshi huliweka juu ya faili, huachiwa programu inapokufa, lakini faili niliyoiumba iwe alama ya kufuli hubaki diskini na kuizuia programu isianze kesho yake. Faili za muda nazo zinafagiliwa programu inapowaka.

Karani yule sasa ana kitufe kinachomwonyesha miunganisho iliyo mikononi mwa kazi kwa wakati huo. Mwezi wa saba, siku yenye magari mengi kuliko zote za msimu, alinipigia jioni wakati mizani imeshafungwa, akanisomea namba iliyokuwa kwenye kioo: sifuri.