Ngurumo ya feni imeisha, na kumbe haikuwa feni

Wakuu, naandika saa tano usiku hapa Sakina, Arusha, mashine iko on toka jioni, na nasikia bomba la nje linadondosha maji kwenye ndoo. Wiki tatu nzima sijawahi kulisikia lile bomba nikiwa nimewasha kompyuta. Nimefurahi sana aisee.

Kwa ambao hawakufuatilia: feni ya nyuma ya kesi (boksi la kompyuta), ya milimita 120, ilikuwa inapiga ngrrrr, sio ule mvumo wa upepo, upepo nauvumilia, hii ilikuwa inakuja sekunde kumi inapotea halafu inarudi, kama bodaboda imepaki dirishani na mwenyewe hataki kuzima. Mdogo wangu tunalala naye chumba kimoja, kila usiku "kaka si uzime basi tulale". Ana haki, ana shule asubuhi.

Kusafisha nilisafisha, hilo mnalijua, vumbi la huku kiangazi halina huruma. Haikusaidia kitu. Nikaamua ni beringi. Nikabandua stika ya katikati, nikang'oa kile kifuniko cha mpira kwa ncha ya sindano, ndani kuna kiringi cheupe cha plastiki chenye mwanya, kadogo kuliko punje ya mchele, hako ukikafyatua vibaya kanaruka na hukaoni tena, kwa hiyo nilifunika kwa kiganja huku nakachokonoa. Panga likatoka. Pini yake ilikuwa na utando mweusi unanata kama lami, mafuta ya zamani yamekauka yote. Nikafuta kwa pamba na spiriti, nikaenda kwa mama fundi cherehani wa hapo barabarani, shikamoo mama, naomba matone mawili ya mafuta, akanipa kopo zima nitumie nirudishe. Na hapa niseme, achaneni na yale mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu, yale yanayeyusha hata mafuta kidogo yaliyobaki halafu yenyewe yanakauka, siku mbili tatu feni inalia kuliko mwanzo. Mafuta ya cherehani ni mepesi na yanakaa.

Nikarudisha, nikawasha. Ngrrrr ile ile. Niliumia, maana kazi ilikuwa safi kabisa.

Basi nikajipinda nikanunua feni mpya duka moja mjini. Nimeomba ya waya nne, nafika nyumbani nafungua boksi ni ya waya tatu, na muuzaji alinihakikishia kwa mdomo wake. Nikaifunga hivyo hivyo kwa hasira. Bodi yangu (ubao mkuu wa kompyuta) ilikuwa imesetiwa PWM, yaani kasi inaamriwa kupitia waya wa nne, na feni ya waya tatu ukiichomeka hapo inakula volti 12 zote, inakimbia kasi ya mwisho. Upepo kama panga boi. LAKINI ngrrrr haikuwepo! Nikaingia bayosi, mipangilio ya bodi, nikabadilisha idhibitiwe kwa volti, nikawa naishusha taratibu, mizunguko 1,600 kwa dakika kimya, 1,300 kimya, ilipogusa 1,100 hivi ngrrrr hiyo hapo. Nikashusha mpaka 900, ikapotea.

Hapo ndo nilisimama. Feni mbili tofauti, moja kuukuu moja mpya, zinalia kwenye kasi moja, feni zote mbili zitakuwaje mbovu kwa namna moja? Nikapiga hesabu, mizunguko 1,100 kwa dakika ni kama 18.3 kwa sekunde, mapanga ni 7, ukizidisha ni mapigo kama 128 kwa sekunde. Nikaweka simu yenye programu ya kupima sauti karibu na kesi, mlima mkubwa wa grafu uko pale pale kwenye Hz 128, yaani mitetemo 128 kwa sekunde. Nikaweka kiganja kwenye bati la ubavuni. Kimya. Nikatoa. Ngrrrr. Nikarudia kama mara ishirini, mdogo wangu akaja akaweka na yeye mkono, akasema "kumbe ni bati!" Bati lenyewe jembamba, katikati halijashikwa na kitu, feni ikifika kasi hiyo linaitikia.

Dawa imetoka kwa fundi baiskeli, tyubu kuukuu, kanipa bure. Nimekata washa (viringi bapa vya mpira) nne nikaweka kati ya feni na kesi, halafu vipande viwili virefu nimevigundisha kwa solusheni umbo la X kwa ndani ya bati. Skrubu usizikaze mpaka mwisho, mpira ukibanwa sana unakuwa kama hakuna mpira. Na kwenye bayosi nimeweka feni iruke, inatoka 950 inaenda 1,250 moja kwa moja, katikati haikai.

Msiniambie nishushe mpaka 600 kama wanavyofanya wenzetu wa mabondeni. Arusha tuko kama mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na usawa wa bahari, feni ya kasi ile ile inabeba joto kidogo kuliko ingekuwa Dar. Mchana wa Februari nikirenda video naihitaji ile 1,250.

Nilipanga wikiendi hii nipange waya na kubadilisha pesti ya kupitisha joto ya prosesa, ila nimeahirisha, maana wakati naokota vipande vya tyubu nimepata wazo la chujio la vumbi la stokingi, kitambaa kinavutwa kwenye fremu ya waya, kinashikwa na ukanda wa tyubu hiyo hiyo pembeni, hakuna skrubu wala gundi, unavua unafua unarudisha. Tyubu imebaki nusu. Kesho napita soko la Kilombero kutafuta stokingi, ile nyepesi kabisa, nzito itabana hewa.