Ndege imefika, wewe uko wapi?

Katika somo langu la tatu angani, juu ya nyika za Kajiado, kapteni aliyekuwa akinifundisha alinigeukia akaniuliza: "Binti yangu, ndege imefika. Wewe uko wapi?"

Sikumwelewa. Nilikuwa nimekaa pale pale kando yake, nimeukamata usukani mpaka vidole vimekufa ganzi. Alichomaanisha ni kwamba Cessna 172 hukata karibu kilomita 3 kila dakika, nayo akili yangu ilikuwa bado imeng'ang'ania kona tuliyokwisha kuimaliza. Leseni ya rubani binafsi niliipata baada ya karibu miaka 2, na karibu kila nilichofundishwa katika muda huo kilikuwa namna ya kulijibu swali lile.

Naandika kwa sababu vijana, hasa wasichana wa kwetu Pwani, huniuliza nilianzaje. Mimi ni mtu wa maabara katika hospitali moja jijini Nairobi, mzaliwa wa Malindi. Kwetu hakuna rubani. Nililipa saa baada ya saa kutoka kwenye mshahara na zamu yangu ya chama cha kuchangiana. Saa moja ya ndege pamoja na mwalimu ilikaribia kodi ya nyumba yangu ya mwezi kule Rongai. Ndiyo maana nilichelewa. Anayeweza kuruka mara 3 kwa wiki humaliza kwa miezi michache na kwa gharama ndogo zaidi, kwa sababu mikono husahau upesi. Mimi nikikaa wiki 3 bila kuruka, somo zima linalofuata lilikuwa la kukumbushwa. Ukiweza, weka akiba kwanza, ndipo uanze.

Na kabla ya kulipa hata shilingi moja ya ada, nenda kwa daktari. Cheti cha afya cha daraja la 2 hutolewa na madaktari walioidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Hupima macho, masikio, moyo, shinikizo la damu, na huuliza kuhusu kifafa na magonjwa ya akili. Afadhali ujue mapema. Halafu unapewa leseni ya mwanafunzi, maana bila hiyo huwezi kuachiwa ndege peke yako. Kiwango cha chini cha kimataifa ni umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka, ambazo 10 kati yake uwe peke yako, na katika hizo 10, saa 5 ziwe za safari za mbali, mojawapo isiyopungua kilomita 270 yenye kutua kwenye viwanja 2 tofauti. Hicho ni kiwango cha chini tu. Mimi nilifanya mtihani wa mwisho nikiwa na saa 61.

Darasani kuna sheria za anga, hali ya hewa, usafiri wa ramani na dira, jinsi ndege inavyoruka, injini na vyombo vyake, mizigo na uwezo wa ndege, mwili wa binadamu akiwa juu, na mawasiliano ya redio. Sheria za anga nilianguka mara ya kwanza kwa sababu nilikariri. Mara ya pili nilisoma kila kanuni nikijiuliza ni ajali gani iliyoileta, nikapita. Hali ya hewa niliipenda tangu siku ya kwanza. Nilikulia kwenye pepo za kusi na kaskazi, babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na hapa nikamkuta mwalimu wa Lamu ananieleza kwa nini kusi inayotujazia bahari mawimbi ndiyo hiyo hiyo inayoegemeza mawingu kwenye mabega ya mashariki ya Mlima Kenya. Nitalirudia hilo.

Lakini somo lililonisumbua kuliko yote ni hewa ya Nairobi yenyewe. Uwanja wa Wilson uko juu ya usawa wa bahari kwa futi zipatazo 5,500. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana huzidi kuifanya nyepesi. Chukua siku ya nyuzi 27. Ukipiga hesabu, ndege inajiona kama imesimama kwenye uwanja ulio juu kwa zaidi ya futi 8,000. Injini inapata hewa kidogo, propela inashika hewa kidogo, mabawa nayo vilevile. Ile Cessna niliyoionja Malindi, iliyoruka kama njiwa, hapa inajikokota, na lazima uvute kile kitufe chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa ili kupunguza mafuta kabla hata ya kupaa, la sivyo injini inasongwa na petroli.

Kutua nako kuna mtego wake. Tulikuja kutua kwa kasi ya noti 65 kwenye kipimo, yaani kama kilomita 120 kwa saa. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, kasi halisi inakaribia kilomita 135 kwa saa, na ardhi unaiona inakukimbilia. Macho yanakuambia unakwenda mbio mno. Ukiyaamini macho ukapunguza mwendo, mabawa yanaishiwa nguvu ya kukubeba ukiwa karibu kabisa na ardhi. Hilo wenyewe huliita stoli: bawa limeinuliwa mno mbele ya upepo, hewa inayopita juu yake inavunjika, na ndege inazama. Tulilifanyia mazoezi juu sana, tena na tena. Filimbi ya tahadhari ya Cessna inaanza kulia kwa sauti nyembamba, usukani unalegea mkononi kama kamba iliyokatika, pua inaanguka yenyewe. Tiba yake inapingana na silika: sukuma pua chini, tia moto, yaani ongeza nguvu ya injini, na bawa likiangukia upande mmoja, linyooshe kwa miguu, kwa pedali za mkia. Mpaka leo naona hilo ndilo somo ambalo mwanafunzi asilivuke mpaka mwili wake umelijua.

Wiki 7 nilikuwa sijui kutua. Nilikuwa nadunda. Kapteni hakunigombeza, aliniuliza tu natazama wapi. Nilikuwa natazama pale gurudumu litakapogusa. Akaniambia nikishauvuka tu ukingo wa njia ya ndege, niinue macho mpaka mwisho wake, kule mbali, nisubiri. Siku hiyo hiyo nilitua mara 4 vizuri. Ukitazama mbali, unaona kwa pembe za macho jinsi ardhi inavyopanda pande zote mbili, nawe unavuta usukani taratibu, taratibu, mpaka kiti kinakuambia umefika.

Nisimulie pia habari ya kikombe. Kila asubuhi kabla ya kuruka, rubani hukinga mafuta kidogo kutoka chini ya kila tangi. Petroli ya ndege ndogo ina rangi ya samawati hafifu, na maji hayachanganyiki nayo, hukaa chini. Ilikuwa Aprili, masika, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikinga chini ya bawa la kushoto, nikakiinua kikombe kwenye mwanga. Mle ndani mlikuwa na tone moja lisilo na rangi, linateleza huku na huku chini kama jicho la samaki. Nikamwaga, nikakinga tena: tone jingine. Mara ya tano nikamwita fundi. Akapanda juu ya bawa, akafungua mfuniko, akanionyesha mpira wake umechakaa na kupasuka. Ndege ilibaki chini siku hiyo, nami nilirudi Rongai na hela yangu mfukoni. Tone lile, lingefika kwenye injini, lingefika wakati napaa.

Injini kuzimika ulikuwa mchezo wa Kapteni. Tukiwa tunazungumza habari nyingine kabisa, mkono wake unateleza, moto unashuka, kimya. "Imekufa." Kwanza kasi, noti 65, maana hiyo ndiyo inayokufikisha mbali zaidi. Pili mahali pa kutua, kwa kuuangalia upepo kwenye moshi au vumbi. Tatu ndipo unatafuta sababu: swichi ya mafuta, mchanganyiko, joto la kabureta, magneto za kutoa cheche. Mwisho redio, Mayday mara 3. Nilijifunza kwamba malisho ya kijani yanayopendeza kutoka juu mara nyingi yamekatwa na korongo, na kwamba penye ng'ombe wengi huwezi kutua. Baada ya miezi kadhaa nikajikuta nachagua mahali pa kutua hata kabla ya mkono wake kusogea. Siku aliyogundua hivyo aliacha kuuliza swali lake.

Redio niliizoea jikoni. Wilson pana shughuli: ndege za watalii wa Mara, madaktari wa AMREF, wanafunzi kama mimi, na uwanja mkubwa wa Jomo Kenyatta uko karibu mno upande wa mashariki. Mwongoza ndege haongei polepole kwa ajili yako. Nilikuwa nikikoroga ugali huku nasema maelekezo ya mnara kwa sauti na kuyarudia neno kwa neno, mpaka jirani akaja kuuliza kama niko salama.

Nilipoachwa peke yangu mara ya kwanza, Kapteni alifungua mlango, akashuka injini ikiwa inanguruma, akaufunga mkanda wa kiti chake ili usije ukashika usukani. Ndege ilipaa mapema kuliko nilivyozoea, nyepesi, na nikajikuta nasema kwa sauti kila ninachokifanya, kama vile bado yuko. Niliruka mzunguko mmoja, nikatua. Nililia nikiwa nimeshaegesha, si kabla.

Safari ndefu ndiyo iliyonifanya rubani. Mpango ulikuwa Wilson, Nanyuki, Isiolo, kisha kurudi kwa upande wa mashariki wa mlima: Meru, Embu, mashamba ya mpunga ya Mwea, Thika, nyumbani. Nilichora mstari kwa penseli, nikaandika dakika za kila alama. Nilikwenda kwa futi 9,500 katikati ya Aberdare na Mlima Kenya. Mto Sagana niliufikia dakika 2 kabla ya muda, nikajua upepo uko nyuma yangu zaidi ya utabiri, nikasahihisha hesabu zilizobaki. Asubuhi ile kilele cha Batian kilikuwa wazi, cheupe, kiko juu yangu sana. Nilikitazama kidogo, nikarudisha macho kwenye saa.

Nanyuki nilitua vizuri. Isiolo ni chini zaidi, joto, njia ndefu. Niliposhuka nikatazama kusini kuelekea Meru. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima kama pamba iliyoshindiliwa kwenye gunia, hakuna mwanya kati ya mlima na vilima vya Nyambene. Sisi tunaoruka kwa kuona kwa macho hatuingii mawinguni. Ndani yake sikio la ndani hukudanganya, huwezi kujua juu wala chini. Nilimpigia Kapteni.

"Kapteni, shikamoo. Upande wa Meru umefunga."

"Marahaba. Na ulikotoka?"

"Kweupe."

"Mafuta?"

Nilikuwa nimepima kwa kijiti kabla ya kumpigia. "Yanatosha kurudi Wilson kupitia Nanyuki, na akiba ya saa 1 na nusu."

"Haya, nakusubiri." Akakata simu.

Nilirudi njia niliyoijia, kwa futi 8,500, nimechelewa kazini zamu ya mchana na bosi alinikasirikia. Nilimwelewa.

Siku ya mtihani wa mwisho, mtahini alinihoji mezani kwa muda mrefu kuliko tulivyoruka. Alinitaka nipange safari, kisha akabadilisha mambo katikati: mvua hapa, abiria mzito pale, taa nyekundu kwenye dashibodi. Nilipokea leseni baada ya wiki kadhaa. Inaniruhusu kuchukua abiria, ila hairuhusu kulipwa hata senti. Hilo wengi hawalijui, na kuna wanaoingia matatani kwa kulipuuza.

Abiria wangu wa kwanza walikuwa Mama na wajomba wawili, waliosafiri usiku kucha kwa basi kutoka Malindi. Walifika saa 6 mchana wakitaka tupande mara moja. Niliwaomba uzito wao mmoja mmoja, nikatoka nikasoma kipimajoto ukutani: nyuzi 28. Nikakaa chini na jedwali. Ndege ingepaa, lakini ingepanda kwa kusuasua, na vilima vya Ngong viko mbele. Nikamwambia Mama tutalala, tutaruka asubuhi na baridi, na Mjomba mdogo atasubiri zamu ya pili. Mjomba alinuna kidogo. Saa 1 asubuhi, nyuzi 14, tulipaa tukiwa watatu, na Mama alikuwa bado anatafuta mkanda wa kushikilia nilipokuwa nimeshaona, kule mbele upande wa kushoto, uwanda ambao ningetua kama injini ingenyamaza.