Ratiba inayofuata bamvua

Chati ya Gantt, yaani mchoro wa ratiba ya mradi, tulifundishwa darasani chuoni Tunguu, Zanzibar: kazi ipi itangulie, ipi isubiri. Nimeielewa hasa Paje, kijiji cha pwani Unguja, tulipokwenda kujenga chanja za kuanikia mwani pamoja na wakulima wenyewe. Kabla hatujaandika tarehe hata moja, bibi mmoja akatuuliza, "Wanangu, mnataka kuja bamvua au maji mafu?" Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa mbali na kina mama wote wamo pwani wakifunga mbegu kwenye kamba; hapana wa kukaa kikao. Basi vikao tukaviweka maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi mbali, miti na misumari ikanunuliwa mapema. Kazi ya namna hii, kwa maoni yangu, ianze mwaka wa kwanza wa masomo. Chanja zimeshasimama, sasa tunaandaa daftari la matengenezo tuwakabidhi.