Nilivyompeleka Mayu Memphis baada ya njia yake kufutwa

Mwaka 2011 kazi ilikuwa nyepesi. Mama mmoja wa Sengerema, niliyemwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alivuka na kivuko cha Kamanga hadi ofisini kwangu, nikamkatia tiketi ya kwenda kumwona binti yake: Mwanza, Dar, Amsterdam, Memphis. Kule mwisho akachukua mabegi yake, akatoka mlangoni, binti huyo hapo. Kiingereza chake kilikuwa "yesi" tu, na kilimtosha.

Mwaka 2013 binti akajifungua tena, Mayu akarudi. Nikatafuta Amsterdam–Memphis kwenye mfumo. Hakuna kitu. Nikadhani nimekosea herufi.

Njia ile ilikuwa urithi wa Northwest, shirika la ndege la Marekani lililokuwa na kituo kikuu Memphis na ushirika wa miaka mingi na KLM ya Uholanzi. Mwaka 2008 Northwest iliungana na Delta, shirika jingine la Marekani, na Delta kwao ni Atlanta, kilomita kama 530 tu kutoka Memphis. Sisi mawakala tuliona nembo zinabadilishwa, tukajua yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza hesabu zinapigwa. Ndege ya masafa marefu haijazwi na watu wa mji mmoja. Wengi hufika pale kwa ndege ndogo kutoka kwingine, na hao unaweza kuwapitisha Atlanta vilevile. Septemba 2012, karibu miaka minne baada ya ndoa, njia ikafutwa. Hata ndege kumi na nane za Boeing 787 ambazo Northwest iliziagiza, Delta ilizisogeza mbele na mwaka 2016 ikafuta oda yenyewe. Ukirithi nyumba, si lazima ulalie kitanda cha marehemu.

Sasa Mayu. Ndege moja ya ziada si kitu kwa kijana. Lakini Marekani unakaguliwa uwanja wa kwanza unapotua: uhamiaji, unachukua mabegi, forodha, unayakabidhi tena, ndipo unaitafuta ndege nyingine. Zamani hayo yote yalifanyika Memphis, mlangoni kwa binti. Safari hii yangemkuta katikati ya njia, peke yake.

Binti alipiga simu: "Kaka, mpitishe Atlanta, ndiko karibu." Nikakataa. Atlanta unapanda treni ya chini ya ardhi kutoka jengo hadi jengo. Nikachagua Detroit, ingawa iko mbali zaidi: Delta yote imo kwenye jengo moja, refu kama barabara, lakini moja. Tukasubiri Mei ili theluji iishe. Niliacha saa nne za kuunganisha, na ndege zote nikaziweka kwenye tiketi moja kuanzia Dar.

Kisha nikamwombea kiti cha magurudumu. Mayu akanuna.

"Mwanangu, mimi nalima. Kiti cha nini?"

"Mayu, si cha miguu. Ni cha yule anayekisukuma. Yeye ndiye anajua njia."

Alicheka, akakubali. Huduma hiyo hailipiwi. Kwenye mfumo ni herufi nne tu, WCHR, na siku mbili kabla ya safari nilihakikisha bado zimo. Nikamwandikia pia karatasi kwa Kiingereza: jina lake, anakokwenda, namba ya ndege ya mwisho, simu ya binti. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kanga pamoja na hela.

Kikabaki kipengele cha chakula. Alikuwa na kilo tatu za dagaa wakavu na hakuna mtu angemtenganisha nao. Nikamwambia wasifichwe, kwenye fomu ya forodha mtu amwekee "ndiyo". Nikaongeza mstari kwenye karatasi: samaki wadogo waliokaushwa, wa kula nyumbani.

Alipiga simu siku ya tatu. Detroit, akasema, yule kijana wa kiti alimsukuma hadi mezani, askari akafungua begi, akafungua na mfuko, akainamisha pua.

"Akafunga mwenyewe," Mayu akasema, "tena haraka."