Mwanzilishi wa Kibuye

Wiki ya 3 sasa najifunza kushona pale soko la Kibuye, Kisumu. Jana mteja kaniletea gauni la kupunguzwa urefu. Nikamwambia kwa heshima, "Samahani mama, mimi ni mwanzilishi hapa, ngoja fundi."

Akatabasamu. "Kumbe kibanda ni chako! Basi nipunguzie iwe mia."

Fundi alicheka hadi akaacha kukanyaga cherehani. Nilitaka kusema naanza, nikajifanya mwenye mali! Nikasema basi niitwe limbukeni. Akakataa, akiniita nyathina (mwanangu, kwa Kijaluo) kama kawaida yake: limbukeni ni yule anayenunua simu mpya leo akashinda akiipiga hata akiwa msalani. Na limbukeni hana siri. Lakini neno lenyewe ni tamu, jamani, lina undugu na limbuko, yale mavuno ya kwanza ya shamba.

Usiku ndipo likanijia la darasani: mwanagenzi. Yule anayejifunza kazi. Leo nimejitambulisha hivyo kwa mteja wa kwanza. Akaniangalia, akamgeukia fundi: "Huyu mgeni wako ametoka pwani?"

Pindo lenyewe nimelishona likaenda upande. Nafumua.